Sauti Chini ya Mkalimani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya makasha mawili, nje ya kibanda cha Fundi Redio, pale mtaa unapokata kona kuelekea ziwani. Mmoja akiinuka ghafla upande huu, wa upande ule anashuka chini, kwa hiyo watu wa pale walikuwa hawaondoki bila kuagana. Kila alasiri utawakuta. Yupo Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri hata wa ndoto. Alikuwa tarishi wa ofisi, akabeba mafaili miaka na miaka mpaka akajiaminisha kwamba na ndani aliyasoma. Yupo Dokta, kinyozi wa kibanda cha jirani, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya koti lake jeupe na kwa kuwa hajawahi kushika kichwa cha mtu asikitafutie ugonjwa. Yupo Shangazi mwenye birika la kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote, lakini thubutu kumwita vingine uone. Na Fundi mwenyewe yuko ndani ya dirisha, miwani kwenye ncha ya pua, pasi ya kulehemu mkononi. Mambo yote ya dunia hii yalikuwa yakipitia pale kutafuta ufumbuzi, na hakuna hata moja lililoondoka nao.

Siku hiyo benchi lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Redio ilikuwa imetoa habari za mtandao wa kimataifa wa wanasayansi wa maziwa: watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja na ziwa lake, wanaoweka mitambo inayoelea majini ipime joto na hewa, kisha wanapeana vipimo kama majirani wanavyopeana chumvi. Habari zenyewe hazikuwa njema. Maziwa yanapata joto. Kule kwenye baridi, barafu inachelewa kuganda. Tena maji ya juu yakishapata moto yanayalalia ya chini kama kifuniko cha sufuria, na huko chini hewa inapungua. Hayo benchi lilisikia. Ila kilichowainua wote kwa pamoja, hata ubao ukaanguka, ni jina la mtaalamu aliyehojiwa. Alikuwa mtoto wa Fundi, yule yule aliyekulia chini ya meza ya kibanda hiki, akichezea sumaku za spika mbovu.

Fundi aliisikia sauti yake kwa muda wa kupiga chafya tu. Kijana alisema maneno mawili matatu kwa lugha ya huko aliko, mara mkalimani akaingia, akamkalia juu, akamfunika gubigubi. Na mwisho wa mazungumzo mtangazaji alipouliza, "Je, nyumbani unapakumbuka?" Waziri na Dokta walikuwa wanagombana kuhusu barafu, jibu likapita hivi hivi. Fundi nusura awarushie koleo. Bahati ni kwamba kipindi kile kina marudio alasiri. Basi alasiri ikangojwa.

— Mtandao, — Waziri alianza, akipuliza kahawa yake. — Mnajua nyie maana ya mtandao? Maana yake maziwa yote ya dunia yameungana chini kwa chini. Wakifungua bomba kule kwao, huku kwetu yanashuka. Ramani yake niliiona ofisini kwa macho yangu haya.

— Uliiona au uliibeba? — Shangazi aliuliza.

— Nilibeba faili. Ramani si ilikuwa humo humo?

— Na faili limefungwa kamba.

— Shangazi, mficha uchi hazai. Ndiyo maana mimi nasema wazi.

— Sasa hiyo imeingiaje hapo, jamani?

— Acheni siasa, — Dokta alidakia. Alikuwa na mkasi mkononi na mteja kamwacha kitini, nusu kichwa. — Hili ni suala la afya. Mtu akikupima joto anatafuta nini? Homa! Sasa wenyewe wamesema juu moto, chini baridi. Hiyo ni homa ya kichwa. Mimi nikikushika utosi nikakuta unaunguza, na miguu imepoa, nakwambia nenda kalale.

— Na ziwa likalale wapi?

— Litachomwa sindano. Mtaniambia. Watakuja na bomba la sindano kubwa kama nguzo ya umeme.

— Na mbona maji ya juu hayataki kuchanganyika na ya chini, Dokta?

— Damu nzito kuliko maji, — Dokta alijibu papo hapo, na benchi likatikisa kichwa kana kwamba limeelewa.

 Ndani ya dirisha Fundi alikuwa ameweka mbele yake redio kubwa kuliko zote za kibandani, ya mteja mmoja aliyehama mji bila kuifuata, ameipangusa vumbi mpaka inang'aa. Homa ya ziwa haikumhusu ndewe wala sikio. Alichotaka ni ile sauti. Tangu asubuhi alikuwa anairudia kichwani, na kila akiirudia inazidi kufifia, mpaka akaanza kuogopa kwamba ikifika alasiri itakuwa imekwisha.

— Mimi naona kuna mtu kapoteza kitu, — alisema Shangazi, akisuuza vikombe. — Watu wazima, elimu zao hizo, kutwa kuchungulia majini? Kuna kitu chao kimezama, wanaona haya kusema.

— Wewe huoni mbali, — Waziri alisema. Akasogea mbele, akashusha sauti, dalili kwamba siri ya serikali inatoka. — Kwao barafu inachelewa, si ndiyo? Sasa wafanyeje? Wanatafuta ubaridi wa kuazima. Ile mitambo inapima ubaridi umejificha kina gani. Ikishajua, wanauvuta usiku wanaondoka nao. Mtaamka mkute ziwa linatokota na samaki wameshaiva.

— Afadhali, tutapumzika kununua mkaa.

— Mnacheka! Barafu kuchelewa si mchezo. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Lo!  Waziri mwenyewe alibaki na kikombe hewani, maana neno limeshatoka na ameona lilikotua. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Yeye methali anaokota yoyote iliyo karibu. Lakini ndani ya dirisha pasi ya kulehemu ilikuwa imesimama juu ya waya, moshi unapanda, na Fundi haoni kwamba unapanda.

Ukweli ni kwamba katika nyumba ya Fundi, simu siku zote ilikuwa ya mama. Kijana akipiga, anampigia mama. Wataongea wee, watacheka, watanong'onezana, na Fundi yuko pale pale kwenye kiti chake anajifanya anakagua redio, masikio yote yamehamia kwenye simu. Mwisho mama atasema, "Baba yako huyu hapa anakusalimu," na Fundi atanguruma, "Mwambie nipo." Basi, imetosha. Moyo wake umeridhika, maana hakuna kilichompita. Mama alipofariki, kijana alikuja, akazika, akarudi kwenye ziwa lake. Tangu hapo simu ikafa ganzi. Ikifika sikukuu unaingia ujumbe: Sikukuu njema baba, mimi mzima. Fundi anajibu: Asante. Kisha anaukodolea macho ujumbe ule mpaka mwanga wa simu uzimike wenyewe.

Alikuwa na hamu na mwanawe, hamu iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini apige yeye? Tangu lini mkubwa akaanza? Mtoto ndiye anayemtafuta mzazi, ndiye anayetangulia kutoa shikamoo. Siku moja alipoligusia jambo hilo, benchi zima lilimuunga mkono. "Sikio halipiti kichwa," Waziri alimwambia. Na katika methali zote za Waziri, hiyo peke yake ndiyo iliyowahi kukaa mahali pake, na hiyo hiyo ndiyo iliyoharibu.

Dokta ndiye aliyejaribu kuyageuza mazungumzo.

— Fundi, wewe si fundi? Mtoe huyo mkalimani bwana, abaki mtoto.

— Hatoki, — Fundi alisema. — Sauti zikishachanganywa studio zimechanganyika. Ni kama kahawa na sukari.

— Koroga kinyume, — alisema Waziri.

— Wewe nawe!

— Subirini, — Dokta alisema, na mkasi wake ukaanza kukata hewa. — Redio ile ina spika ngapi? Mbili. Waongeaji wangapi? Wawili. Kila mmoja ana yake. Kata waya wa mkalimani, mtu wetu anabaki upande wake peke yake, huru kabisa.

Fundi alijua ni upuuzi. Alikuwa ametengeneza redio tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na kama mteja angemletea maneno ya namna hiyo angemcheka wiki nzima. Lakini mtu akizidiwa na hamu hata ufundi wake humkimbia. Alitazama spika ya kushoto, akatazama ya kulia. Akafungua mfuniko wa nyuma, akachukua koleo, akakata waya mmoja.

— Umejuaje kama huyo ndiye mkalimani? — Shangazi aliuliza kwa upole.

— Sijui, Shangazi. Nimekata tu.

Hapo ndipo akatokea mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa, na redio ndogo imeviringishwa kwenye kitambaa. Aliamkia, akasema redio yake imenyeshewa mvua inakoroma tu, wala haisemi. Fundi alimwomba radhi, akamwambia aketi kwanza, kuna kipindi wanakingoja. Mwanamke akaketi ukingoni mwa ubao, Shangazi akammiminia kahawa, na muziki wa kipindi ukaanza.

Upuuzi ulijibu kama unavyojibu siku zote. Spika iliyobaki ilikuwa na sauti ya chini, ya kukwaruza, na wote wawili walikuwa humo humo, mtoto na mkalimani. Ikabidi watu waingize vichwa dirishani. Fundi akalaza shavu lake kwenye wavu wa spika, akafumba macho.

Kijana akaanza. Ile lugha Fundi haijui hata kidogo, lakini kabla ya sentensi kulikuwa na kuvuta pumzi, kwa ghafla, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji ya baridi. Mama yake alikuwa anaanza kusema vile vile. Fundi alikusikia kule kuvuta pumzi, akazidi kulibana shavu kwenye wavu. Mara mkalimani akaingia na sauti yake iliyonyooka, ya mtu anayesoma bei za nafaka, lakini safari hii Fundi alishikilia. Alishuka chini ya maneno ya mkalimani, akaendelea kumsikia mwanawe kwa mbali, anapanda, anashuka, anacheka kidogo mahali ambapo mkalimani hakucheka. Alikuwa amenenepa sauti. Alikuwa mtu mzima.

"Tunacho pia kipimo cha zamani sana," mkalimani alisema. "Tunashusha kisahani cheupe kwa kamba mpaka macho yakipoteze. Hapo tunajua maji yana uangavu kiasi gani."

— Sahani! — Waziri akaropoka. — Nilisema mimi! Wanakula humo!

— Nyamaza! — Fundi alifoka, kisha akacheka, na kicheko kikamtoka kikiwa na majivuno ndani yake. — Sahani ya mama yake hiyo. Mwanangu alikuwa hivi, mdogo. Aliifunga kamba akaishusha ziwani aone itafika wapi kabla haijapotea. Kamba ikafunguka. Mama alimtafuta na mwiko mtaa mzima, na sahani yenyewe alipewa siku ya harusi.

— Sasa ndiyo analipwa mshahara kwa hilo? — Dokta alishangaa.

— Jamani, shh!

Muulizaji alikuwa amefika kwenye swali la mwisho. "Je, nyumbani unapakumbuka?" Waziri akafungua mdomo, Shangazi akamzibia kwa kikombe.  Kijana akavuta pumzi. Akasema kwa ufupi, taratibu, na mkalimani naye, sijui kwa huruma, akasubiri amalize ndipo akasema:

"Mama yangu alikuwa akinipa habari za ziwa letu kwa simu. Kama maji yamepanda, kama yameshuka. Nina vipimo vya maziwa ya dunia nzima. La kwetu, siku hizi hakuna wa kuniambia."

Muziki ukapigwa. Fundi aliinua uso, alama za wavu zimemchora shavuni. Akavua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

Benchi likaanza kulifasiri jibu.

— Hapo anailaumu serikali, — alisema Dokta. — Anadai mtambo. Ziwa letu limerukwa katika matibabu.

— Hamjaelewa, — Waziri alisema. — Ile ni lugha ya mafumbo. "Mama" ni kituo kikuu cha mitambo. Wote wanaripoti kwa Mama. Sasa Mama kazimika, ndiyo maana anasema hakuna wa kumwambia. Hii habari ni nzito kuliko mnavyodhani. Mama akizimika...

— Waziri, — Shangazi alisema. — Mama ni mama.

— Mimi nasema kitaalamu.

— Na mimi nasema alikuwa akinunua kahawa kwangu. Alikuwa anakaa hapo, anatoka ziwani miguu imelowa, ananiambia, nimetoka kumtazamia mwanangu maji. Mama ni mama.

Waziri akainamia kikombe chake. Kilikuwa hakina kitu.

Mwanamke mgeni alikuwa amesikiliza yote, redio yake mbovu mapajani. Hakujua nani ni nani pale. Akauliza tu, kama mtu yeyote angeuliza:

— Samahani wenzangu. Kwani huyu kijana hana baba?

Usiombe. Dokta aligeuka kumtazama mteja wake wa nusu kichwa. Shangazi alishika mpini wa birika akautazama kama anauona leo. Waziri, mtu wa kuwa na jibu la kila swali tangu kuumbwa kwa dunia, alipanua mdomo, akaufumba, akaupanua tena.

— Sikio... — alianza.

— Wacha, Waziri, — Fundi alisema.

 Mwanamke akahisi amekanyaga pabaya, akaanza kuomba radhi, lakini Fundi akamwinulia mkono.

— Anaye, mama. Hujakosea kuuliza. Anaye.

Aliitoa simu kwenye mfuko wa shati. Vidole vilivyozoea kushika waya mwembamba kama unywele vikabonyeza jina silo, vikafuta, vikabonyeza tena. Aliona haya. Aliona hofu pia, maana hakuwa na neno hata moja la kuanzia; maneno yote ya simu yalikuwa ya mke wake. Simu ikaita kwa mlio mgeni, mrefu. Ikaita tena. Kisha ikapokelewa, na sauti ikaja, ile ile, safari hii haina mtu juu yake.

— Baba? — Pumzi ilikuwa juu juu. — Baba, kuna nini? Nani amekufa?

Fundi alikaa chini. Hata hakuona kwamba shikamoo haikutolewa. Kumbe huko kwa mwanawe, baba kupiga simu kulikuwa na maana moja tu.

— Hakuna, — alisema. — Hakuna aliyekufa, mwanangu. Wote wazima.

— Unaumwa?

— Siumwi. Nimekusikia redioni.

 Fundi alisikia kitu kama mlango unafungwa huko, halafu mvumo wa upepo simuni ukakatika. Alijua anatakiwa kuendelea, na kama angekuwa na mchoro wa mazungumzo kama ulivyo wa redio, angeufuata waya kwa waya. Hakuwa nao.

— Nimekuwa na hamu nawe, — alisema. — Basi tu. Sikujua nianzie wapi.

— Na mimi, baba, — kijana alisema. Akakohoa. Kisha kwa haraka, kama mtu anayetafuta pa kushika asianguke, akauliza: — Vipi ziwa huko? Maji yamepanda au yameshuka?

Fundi akaweka kiganja juu ya simu, akatoa kichwa dirishani.

— Jamani. Maji yamepanda au yameshuka?

— Yamepanda, — alisema Dokta.

— Yameshuka, — alisema Waziri. — Si nimewaambia lile bomba.

— Umeyaona lini, Waziri?

— Nimesema yameshuka.

— Umeyaona lini?

Waziri alitazama ule mtaa unaoteremka, nyumba, kamba za nguo, mbwa amelala njiani. Ziwa lilikuwa nyuma ya kona tu. Akamtazama Dokta, Dokta akamtazama Shangazi, na Shangazi akatikisa kichwa, kwa sababu hata yeye hakujua. Wote walikaa pale kila alasiri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kutazama tangu mwenye kutazama alipofariki.

— Baba? Bado upo?

— Nipo, — Fundi alisema. Alikuwa ameshafungua mlango wa kibanda, koleo liko mfukoni, redio ya mteja iko wazi tumbo nje. — Usikate. Nieleze mambo yako huku natembea. Nakwenda kukutazamia.